Mulango Wenye Pua

Kibabi, Masisi, mwezi wa kumi 1957

Mpendwa Mama Constance, mushauri wetu wa gazeti,

Nakusalimu mu jina la Bwana wetu Yesu Kristu, na mbele ya yote nakuuliza habari ya afya yako, unaamuka namna gani huko Bukavu, na ule mugongo uliandikaka kwamba unakusumbua, umepoa ao bado? Huku kwetu mvua imeanza, maharagi inachanua, na miye mwili iko muzima, Mungu ashukuriwe, lakini roho haiko nzima, njo maana naomba musaada wako, na ukiona herufi zangu zinapanda na kushuka sawa njia ya kilima usicheke, nilijifunza kuandika kwa katekismu tu, na mukono huu umezoea jembe.

Jina langu ni Dorothée, miye mujane, naishi na mutoto wangu Callixte na bibi yake wa ndoa Mukashema, na mutoto wao wa kike ambaye bado ananyonya. Naomba ubadilishe majina yetu yote. Macho yangu haiwezi tena herufi ndogo za gazeti, Callixte njo anatusomea siku ya Mungu tukiisha kula, sisi wote tukiwa pale karibu na moto, sasa ukibadilisha majina nitasikia jibu lako bila mutu kujua kwamba ni langu.

Mama, nakuelezea tangu mwanzo. Wakati wa padri wa zamani, ule mwenye ndevu aliyenibatiza, sheria ya komunyo ilikuwa moja, hakuna kugusa kitu kwa kinywa tangu katikati ya usiku, hata tone la maji, na padri alifikaka kwetu mara moja kwa mwezi akitoka mbali kwa miguu, pengine jua iko juu ya kichwa, na sisi tunamungojea na njaa yetu, tunaimba ili tusisikie tumbo. Katekista wetu Papa Polycarpe akaona kwamba wengine wanadanganya, wanakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, asubui kisha wanakuja kupiga magoti, njo akaniweka miye kwa mulango wa wanawake, kila mumoja akifika ananipumulia kidogo kwa uso, nikisikia pombe ao chakula namuambia polepole, «Dada, leo ukae nyuma.» Kwa mulango wa wanaume waliweka muzee mumoja, lakini yeye mwenyewe alinuka kasiksi, kwa hiyo siku zote wanaume wote walikuwa watakatifu.

Nilifanya ile kazi miaka mingi, na sitakuficha, niliipenda. Muntu ambaye hana kitu, ambaye hajui kuimba vizuri, anasimama kwa mulango wa nyumba ya Mungu na hakuna anayepita bila yeye.

Sasa mambo yamebadilika. Shapeli yetu, kanisa letu dogo la majani, tumeivua, imevaa mabati. Padri wa ndevu alirudi kwao, na tumepata padri mupya, Abbé Evode, muntu mweusi sawa sisi, kijana, anakuja na pikipiki inapiga kelele mpaka mbuzi zinakata kamba. Na juu ya watu wengi wanakwenda kuvuna maua ya piretre kwa shamba ya muzungu, hata siku ya Mungu wakati maua inakomaa, Abbé akasema misa ya kwetu itakuwa mangaribi, kazi ikiisha, na akasimama mbele yetu akafasiria kwamba Baba Mutakatifu amepunguza sheria, mutu anaweza kula chakula chake cha muchana, akikaa masaa matatu bila kula anaweza kupokea komunyo, na maji anaweza kunywa wakati wowote.

Mama Constance, ile siku nilitoka nje bila kumusalimia Abbé. Nilisema kwa wanawake, «Ni ya Baba Mutakatifu ao ni ya huyu mutoto wa juzi?» Wakacheka, na kicheko yao ikanipa nguvu.

Mwezi ukapita, ikafika siku ya misa ya kwanza ya mangaribi. Na ile siku njo mutoto wetu alikuwa wa kubatizwa, misa ikiisha, jina lilikuwa tayari, Joséphine-Marie. Asubui Mukashema alikwenda kwa maua, na miye, sawa kila siku, nilibaki na mutoto, na nilimufungia Mukashema chakula yake mu jani la ndizi, maharagi na kitunguu. Mangaribi nilibeba mutoto mpaka shapeli, nikasimama kwa mulango wangu. Miye sikukula kitu tangu jana yake, hata maji, nilikuwa naona nyota ndogondogo mbele ya macho na nilikuwa na furaha juu yake. Wanawake walipita, wakipumua. Wengi hawakukula juu ya kuniogopa. Nyuma yao Mukashema akafika mbio, maua ya piretre ingali kwa nywele zake, akanipokonya mutoto kwa upendo, akamuweka kwa ziwa, akanipumulia akicheka kidogo sawa muntu anayecheza. Na pua yangu ikatambua kitunguu cha shamba langu.

Nilimushika mukono mbele ya watu wote. Nikamuambia, «Weye, rudi. Tumbo imejaa.»

Akasema polepole, «Mama, nilikula muchana. Abbé alitupatia ruhusa.»

«Abbé alizaliwa jana. Miye nilibatizwa mbele mama yake hajaolewa.»

«Mama, tafazali. Leo ni ubatizo.»

Mumoja nyuma akasema, «Mupitishe, Mama Dorothée, mvua inakuja!» Na miye nikainua sauti ili wote wasikie, nikasema, «Na Yesu atakaa wapi, juu ya maharagi?»

Wakacheka, mama. Wakacheka sana. Bibi ya mutoto habishani na mama mukwe mbele ya watu, ni desturi yetu, na Mukashema ni mwenye heshima. Alikaza kitambaa juu ya mutoto, akageuka, akaenda mu mvua.

Miye niliingia, nikapokea komunyo na tumbo yangu tupu, nikajiona mutakatifu. Misa ilipoisha Abbé akaita, «Joséphine-Marie!» Hakuna. Akaita tena. Nikamuona Callixte anasimama upande wa wanaume, amevaa koti ya marehemu baba yake, anatafuta bibi yake kwa macho upande wa wanawake, anageuka, anatafuta tena, na wanawake wote wanaangalia chini, na miye nimepiga magoti nafunika uso sawa muntu anayesali. Sikuwa nasali.

Abbé alikuja kunikuta kwa mulango. Hakukasirika, ingekuwa afazali akasirike. Aliniuliza, «Mama, hukunisikia mwezi ule nikifasiria?» Nikamujibu, «Sikusikia vizuri, Abbé, mvua ilipiga sana mabati.»

Hapa, Mama Constance, niliacha kuandika, nilikwenda kupalilia, nimerudi. Nilitaka kukuachia hivyo. Ni uongo. Ile siku Abbé alifasiria sheria mvua haikuwa, jua iliwaka, na nilisikia kila neno. Nilimudanganya padri kwa mulango wa kanisa, na uongo huo sijauungama mpaka leo, kwa sababu mwenye kuungamisha huku ni yeye mwenyewe.

Tangu pale Mukashema hakanyagi shapeli. Alimuambia Callixte, «Mutoto wangu hatapita kwa mulango wenye pua,» na sijui nani alisikia, sasa watoto wa kilima kizima wanaita hivyo, wakinikuta kwa njia wanafunika vinywa vyao na mikono na kukimbia. Papa Polycarpe aliyeniweka pale naye ananicheka, anasema, «Mama Dorothée, ile pua iende retraite, kazi yake imekwisha.» Callixte hanigombezi, ananisalimia, anakwenda kazi. Na Mukashema, mama, ananiheshimu! Asubui anapiga goti, ananisalimia kwa mikono miwili, ananiachia mutoto, mangaribi ananiletea chakula cha moto, sehemu nzuri ni yangu. Lakini neno hakuna. Na chakula ninachomufungia mu jani la ndizi anakirudisha vilevile, hakufungua. Anakula nini kule kwa maua sijui, na ananyonyesha.

Na sasa mutoto anakohoa. Muganga wa dispansere alimupatia dawa, kikohozi kinatulia, kinarudi. Miye njo ninayemushika muchana kutwa, nasikia kifua chake kinalia sawa paka, na nawaza, akifa hivi bila ubatizo, ni miye niliyemufungia mulango. Juzi alikuwa kwa magoti yangu, maji ilikuwa pembeni mu kibuyu, na katekismu inatufundisha maneno, kila mukristu anaweza. Niliweka vidole mu maji. Mutoto aliniangalia, akacheka, akashika kidole kile chenye maji akakitia kinywani. Nikaogopa, nikafunika kibuyu. Lakini nitarudia kutaka, najijua. Nimubatize kwa siri, mama yake akiwa kwa maua? Atapona roho, na hakuna atakayejua.

Na nimuombe Mukashema musamaha namna gani, miye mama mukwe? Kwetu mukubwa hapigi goti mbele ya bibi ya mutoto wake. Na kuna neno moja bado, lile linalonichoma zaidi ya yote. Nilipokuwa na mimba ya Callixte nilifunga sawa wote, nikatembea, nikaanguka kwa njia ya shapeli, wakanimwagia maji kwa uso na nikafunga kinywa ili tone lisiingie. Sasa wananiambia kwamba maji haikuwa kitu. Kufunga kwetu kote ilikuwa bure? Nafikiri ile siku kwa mulango nilimuchukia Mukashema juu ya vile alikuja akicheka na akiwa ameshiba. Mungu anisamehe, nimeiandika.

Abbé atarudi mwisho wa mwezi ujao. Nakuomba unijibu upesi.

Miye mama mwenye haya,
Dorothée

JIBU LA MAMA CONSTANCE

Mama Dorothée, mugongo wangu umepoa kidogo, asante, wewe peke yako mu barua za mwezi huu njo umeuuliza. Majina nimebadilisha kama ulivyoomba, lakini usijidanganye, mulango wenye pua ni mumoja tu mu Kivu yote.

Nimesoma barua yako nikacheka, kisha nikaona haya ya kucheka. Ni sawa nilimuona yule binti anaenda mu mvua, na mutoto aliyekuwa na jina tayari, na nyuma yake wanawake wazima wanacheka. Ulimufungia chakula kwa mukono wako asubui, na mangaribi ukamuhukumu kwa chakula kilekile. Hapo siwezi kukupunguzia kitu. Ulifanya vibaya, na unajua, kwa sababu umeandika mwenyewe na hakuna aliyekulazimisha.

Unauliza Yesu atakaa wapi, juu ya maharagi? Mama, alizaliwa mahali ng'ombe wanakula! Alikaa mezani kwa watu ambao mimi na wewe tusingewafungulia mulango. Hajaogopa vile vyote, aje kuogopa kitunguu cha Kibabi? Sheria Abbé aliyowafasiria ni ya kweli, ilitoka Roma kwa Kanisa zima, na imetolewa kwa ajili ya watu sawa Mukashema, wanaovuna maua ya mutu mwingine tangu asubui na wanataka kuona Mungu mbele jua halijalala. Kanisa limesogeza saa yake ili limukute muvunaji. Wewe ulisimama katikati yao.

Sasa lile linalokuchoma. Hapana, kufunga kwako haikuwa bure. Mimi pia nilifunga na mimba, na nilitapika hewa tupu kwa mulango wa kanisa. Tulimupa Mungu tulichoombwa wakati ule, na kile mutu amemupa Mungu kwa moyo hakirudishwi wala hakiozi. Lakini sikia vizuri: siku ulipoanguka kwa njia, na wakakumwagia maji, kama padri wa ndevu angesema, «Mama, kunywa,» ungelia kwa furaha. Mukashema ameambiwa kunywa. Usimuchukie kwa sababu alisikia neno ambalo wewe ulilihitaji.

Juu ya kibuyu: toa vidole mu maji! Mutoto akiwa anakufa na padri yuko mbali, mubatize upesi na usingojee mutu. Lakini mutoto anayecheka na kunyonya kidole chako hafi, anakohoa, na mwenye kikohozi anarudishwa dispansere, hata kesho. Yule mutoto ana mama. Kumubatiza kwa siri ni kumufungia Mukashema mulango mara ya pili, na safari hii mu nyumba yake mwenyewe. Unasema hakuna atakayejua. Wewe utajua, na siku Abbé atakapommwagia maji mbele ya watu, utadanganya tena kwa kunyamaza. Umekwisha kusema uongo mumoja kwa mulango ule, unatosha.

Na huo mumoja, upeleke kwa yule uliyemudanganya. Unaogopa Abbé kwa sababu ni kijana. Masikio yake yamesikia makubwa kuliko mvua yako ya mabati. Na nafikiri anajua, mama, kwa sababu yeye pia alikuwa pale ile siku, na jua lilimupiga kichwani.

Unauliza namna gani mama mukwe ataomba musamaha. Kwa kinywa. Hakuna aliyekuambia upige magoti, magoti ni ya Mungu. Ulisema vibaya mbele ya watu na umesimama, utasema vizuri mbele ya watu na umesimama. Mwisho wa mwezi ujao, siku ya misa, mutoto abaki na wewe mpaka saa sita, kisha mubebe mugongoni, upande kilima mpaka kwa maua, fungua jani la ndizi pale, ule na Mukashema maharagi yako, mukono wako na wake mu jani moja. Ndiyo, wewe pia, ushibe. Mangaribi mutembee pamoja mpaka shapeli, na mukifika, wanawake wakiwa wote pale, useme kwa sauti ileile uliyoinua siku ile: «Nilimufukuza huyu bila haki. Nilisikia sheria nikaikataa.» Watacheka ao hawatacheka, si kazi yako.

Na ile pua, Papa Polycarpe ana haki, iende retraite, ijapokuwa yeye aliyeiweka kazini angeweza kukuambia bila kukucheka. Lakini usiache mulango. Niliona mu barua yako namna ulivyoupenda. Mupe Papa Polycarpe habari kwamba mutungi utakaa pale, na kikombe. Watu wanatoka kwa shamba na koo kavu, njia ni ya kupanda, na maji inaruhusiwa mpaka dakika ya mwisho. Simama palepale uliposimama, na kila mwanamuke akifika, usimuombe pumzi, mupatie kikombe. Mutu wa kwanza kunywa awe Mukashema.

Hayo njo ya mwezi ujao. La leo ni neno moja.

Uliniandikia kwamba kijana wako njo anawasomea gazeti siku ya Mungu, ninyi wote mukiwa karibu na moto, na kwamba majina yakibadilishwa hakuna atakayejua. Mama Dorothée, unajua kuandika, hukuwa mujinga ulipoandika hivyo. Mimi nafikiri ulitaka Mukashema asikie yote haya, na kwa sababu kinywa chako kilishindwa, ukachagua cha mutoto wako. Basi amesikia. Yuko pale, pengine mutoto yuko kwa ziwa, na sasa hivi hatazami mutu.

Na wewe kijana niliyekuita Callixte, umesoma vizuri, asante. Imetosha. Kunja gazeti, na usiseme kitu.

Mama, sema.